Biskuti za Bonane

Nyumbani kwangu kila mtu anajua kwamba sili biskuti. Wajukuu wanafikiri ni ugonjwa wa sukari, nami nimewaacha wafikiri hivyo, maana ukishasema sukari hakuna anayekuuliza swali la pili. Lakini juzi mke wa mjukuu wangu alichoma biskuti za sikukuu, akazisahau kidogo, na harufu ya sukari inayoanza kuungua ikanifuata mpaka kitandani. Nikaomba wafungue madirisha. Walidhani ni moshi unaonisumbua, wakaja kuniuliza kama kifua kinabana. Nikasema ndiyo, kinabana.

Ninyi wa rika langu mliokulia kambi za reli mtakumbuka jinsi mama zetu walivyochoma biskuti bila tanuri. Watoto wa leo hawaamini nikiwaeleza. Mama yangu alikuwa na sufuria nzito ya chuma, anamwaga mchanga mkavu chini yake, juu ya mchanga anaweka kipande cha bati, juu ya bati ndipo zinakaa biskuti, halafu anafunika na kurundika makaa juu ya kifuniko. Moto juu, moto chini. Alikuwa hatazami ndani hata mara moja. Alisikiliza tu kwa pua, na pua yake ikimwambia tayari, alifunua kwa haraka kama mtu anayemkamata kuku.

Nilifika Kamina bado nina meno ya utoto. Kabla ya hapo nililelewa na nyanya yangu mzaa mama huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako tulisema Kiluba kuanzia kuamka mpaka kulala. Kiswahili nilikisikia kwa mkatekista tu, akipita na kengele yake. Nyanya alipofariki, mama alikuja kunichukua, akanileta kambini, katika nyumba ya matofali iliyofanana na nyumba zote hata nikapotea mara mbili wiki ya kwanza. Huko kila mtu alisema Kiswahili, kwa sababu jirani mmoja alikuwa Muluba, wa pili ametoka Kasai, wa tatu sijui wapi. Nilikishika haraka, lakini nilikishika kama mtoto anavyoshika samaki, sehemu inabaki mkononi na sehemu inateleza.

Baba nilimjua kidogo sana. Alikuwa mtia makaa kwenye treni, na kabla sijafika kampuni ilikuwa imemhamishia Mwene-Ditu, mbali juu ya njia ya Kasai. Alikuja mara chache, analala, anaondoka. Nakumbuka kofia yake na ukucha mmoja mweusi wa kidole gumba. Siwezi kusema nilimpenda. Nilipenda jinsi mama alivyokuwa siku alipokuwepo, alivyoongea haraka na kucheka kabla neno halijaisha.

Basi siku moja, mvua za mwisho wa mwaka zimekwisha kuanza, Mama Kalenga alikuja kukaa nasi kibarazani. Alikuwa jirani yetu, mwanamke wa Kasai, na mume wake naye alifanya kazi kwenye treni, kwa hiyo habari za njia yote zilishukia nyumbani kwake kwanza. Mama alikuwa anamenya mihogo. Mimi nilikaa chini nikicheza na maganda.

"Mama Monika, usikasirike," akasema. "Bwana yangu ameona na macho yake. Bwana yako iko na mwanamuke kule Mwene-Ditu."

"Jina yake nani?"

"Jina sijue. Banasema iko munene, na kila siku anafunga kitambaa ya mupya."

Mama aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu bila kukatika. "Atakuya na Bonane," akasema. "Ametuma neno. Atakuya na Bonane, njo tutamaliza maneno yote."

Hapo ndipo maisha yangu yalipopinda, na yalipinda juu ya silabi moja. Wenzangu mnajua kwamba Bonane ni mwaka mpya, neno la Kifaransa tulilolikata na kulivalisha nguo zetu. Mnajua pia kwamba kwetu "na" inabeba kila mzigo: mtu anakuja na saa tatu, anakuja na jioni, anakuja na ndugu yake. Mimi sikujua. Sanga hatukuwa na Bonane. Nilisikia kwamba baba ana mwanamke, jina halijulikani, na hapohapo nikasikia kwamba atakuja na Bonane. Nikajivunia kwamba mimi mtoto nimepata jina ambalo Mama Kalenga mwenyewe hakulijua.

Na tangu siku ile nilimsikia Bonane kila mahali. Watoto kwenye bomba la maji waliimba kwamba Bonane iko njiani. Wangeweza kunisaidia kama wangekuwa wanasema Kiswahili cha vitabuni, lakini kwa Kiswahili cha Kamina mtu iko, mvua iko, sufuria iko, huwezi kutofautisha. Wanaume walisema Bonane akifika watakunywa mpaka waanguke. Msichana wa jirani alinionyesha kitambaa cha gauni lake, akasema, "Hii nitavaa ya Bonane." Niliona kambi nzima imekwenda upande wa huyo mwanamke. Nilimchukia kwa moyo wote, na niliwachukia wao pia kidogo.

Mama hakuficha kilichokuwa mbele yetu. Alinieleza jioni moja akinisuka nywele, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza. "Baba yako akikubali, atatukamata sisi wote, tutaenda kukaa naye Mwene-Ditu. Nimemuomba. Akikataa..." Akavuta nywele kwa nguvu nikapiga kelele, akasema pole, hakurudia. Mimi nilielewa vizuri kabisa. Bonane alikuwa anakuja kuona kama atatutaka au hatatutaka.

Silaha ya mama ilikuwa biskuti. Alifundishwa na kaka yake, mpishi katika nyumba ya mzungu, na siku baba alipomwona mara ya kwanza, mama alikuwa amemletea huyo kaka mtu sahani iliyofunikwa. Baba alikula, akauliza nani amepika. "Baba yako alinioa na mudomo yake," mama alikuwa anasema, na hata katika siku zile mbaya alicheka akilisema hilo. Kwa hiyo alitafuta unga wa ngano mweupe, akauchunga kwa kitambaa. Akatafuta mayai, akakwaruza ganda la limau mpaka vidole vikatoka damu. Alikanda, akakata kwa mdomo wa kopo dogo. Za Noeli tulikula wenyewe baada ya misa, na zilikuwa nzuri sana. Mpaka leo ulimi wangu unazikumbuka ingawa mimi mwenyewe sitaki.

Baada ya Noeli akaanza upya. Alichoma mchana kutwa, akizipanga moja moja katika kopo kubwa la bati lenye kifuniko. Nilinyoosha mkono, akaupiga kidogo.

"Hapana kugusa. Hii haiko yetu. Iko ya Bonane."

Sikujua hasira kama ile inaweza kukaa ndani ya mtoto. Mama yangu, aliyetokwa damu vidoleni, anampikia mwanamke aliyemchukulia mume! Niliona amekuwa mjinga, na kama mama amekuwa mjinga basi ni mimi niliyebaki kuilinda nyumba. Nikatafuta la kufanya. Nilifikiria mchanga, lakini mchanga unaonekana. Halafu nikafikiria dawa.

Kila wiki kulikuwa na mstari mbele ya zahanati ya kambi, na mkubwa na mdogo alipewa vidonge vyake vyeupe vya homa. Ni kinini, ila hilo jina nililijua baadaye sana. Sisi sote tuliita dawa tu. Zilikuwa chungu kiasi kwamba watoto walishikwa pua. Mama aliweka akiba ya vile vidonge kwenye karatasi, ndani ya sanduku lake, chini ya nguo. Nilichukua vichache, nikavisaga kwa jiwe nyuma ya choo mpaka vikawa unga.

Kazi ya kunyunyiza sukari ilikuwa yangu. Mama alikuwa akitoa biskuti zingali moto, ananipa kisahani, nami narusha sukari juu kwa vidole vitatu alivyonionyesha. Nilichanganya unga wangu katika kile kisahani. Vyote vyeupe. Nilinyunyiza kwa uangalifu, nisiruke hata moja, na mama akanitazama akasema, "Sasa weye unaweza kazi." Nilifurahi kusifiwa. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Mama mwenyewe hakuonja, maana alitaka kopo lote libaki zima kwa ajili ya huyo Bonane.

Siku yenyewe tulikwenda kituoni tukitoka misa. Mama alivaa kitambaa cha kijani. Treni iliingia, watu wakateremka, na mimi sikumtazama baba, nilitazama nyuma yake. Nilimtafuta mwanamke mnene. Alishuka mama mwenye mapacha, wakashuka masista wawili, kisha mlango ukabaki mtupu. Baba alikuwa peke yake. Nilishusha pumzi. Bonane ameogopa, nikawaza, hakuja, tumeshinda. Nilirudi nyumbani nikirukaruka mbele yao, na nyuma yangu niliwasikia wakizungumza polepole, bila ugomvi. Baba alisema nyumba ya kule ni ndogo. Mama akasema, "Eyo vidye," kama wanawake wetu wa Kiluba wanavyomwitikia mume kwa heshima, halafu akasema hata ndogo itatosha. Baba alicheka. Nimekaa na hicho kicheko chake miaka yote hii. Mtu anayecheka hivyo hajaamua kukuacha.

Alikaa kwenye kiti, mama akaleta kuku, akala. Kisha akaleta kopo la bati.

"Mama," nikasema, "si ni ya Bonane?"

"Ee, njo Bonane leo," akanijibu, anatabasamu, anafunua kifuniko.

Niligeuka kuangalia mlangoni. Hapakuwa na mtu. Nilipogeuka tena baba alikuwa amekwisha kuuma.

Alitafuna mara moja, mara mbili, akasimama. Alitema mkononi. Akaiangalia ile biskuti juu na chini, akainusa. Mama alichukua moja kwa haraka, akaonja, na uso wake ukakunjamana kabla hajaweza kuuzuia. Baba aliuona huo uso.

"Umeniwekea nini?"

"Sijue. Kweli ya Mungu, sijue."

"Nilisikia bantu banasema ule muke atakufunga na dawa, nikakataa. Nikasema wangu haiko vile."

Mnaelewa alichokisema. Mwanamume akikaa mbali na mke wake, chakula cha kwanza anaporudi ndicho anachokiogopa, asije akawekewa dawa ya kumfunga moyo. Mimi sikuelewa. Nilisikia neno dawa tu, nikaona baba anajua ni dawa, anafikiri ni mama, na kwamba nikisema ukweli mama atapona. Kwa mkatekista tulifundishwa kwamba ukisema ukweli unasamehewa. Nilisimama katikati yao, nikasema ni mimi.

"Baba, haiko mama. Njo minyi. Minyi njo niliweka dawa."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu ateremke. Akauliza taratibu, hata kwa upole. "Dawa ya nani?"

"Ya mama."

"Ilikuwa wapi?"

"Mu sanduku yake. Chini ya manguo."

"Na juu ya nini uliweka?" Yaani, kwa sababu gani.

"Juu mwanamuke wa Mwene-Ditu akimbie, asituibie baba."

Mama alinipiga kofi mdomoni. Hakuwa amewahi kunipiga usoni. Leo najua hakujua anafanya nini, alitaka tu maneno yakome, lakini baba aliona mke anayemziba mtoto mdomo asiendelee. Alivaa kofia yake. "Umetuma mutoto," akasema. "Weye mwenyewe uliogopa, ukatuma mutoto." Akatoka. Alilala kwa rafiki yake upande wa pili wa kambi.

Kabla jua halijazama mama aliniuliza, naye alikuwa ametulia kupita kiasi, ni dawa gani. Nikamletea karatasi ya vidonge. Akaifungua. Akauliza kwa nini, nikamweleza habari ya Bonane, mwanamke wa baba, ambaye yeye alikuwa anampikia. Akaniuliza nirudie. Nikarudia. "Bonane haiko muntu, mwanangu," akasema. "Bonane ni siku." Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Mimi nililia kwa sababu alikuwa halii.

Asubuhi alikimbia kituoni na ile karatasi, mimi nikimfuata. Baba alikuwa amekwisha kupanda. Mama alimwonyesha vidonge dirishani, akamweleza yote, jina, siku, mtoto aliyetoka Sanga asiyejua Kiswahili. Niliyasikia maneno yake kwa sikio la baba, nikaona mimi mwenyewe yanavyosikika. Yalisikika kama maneno ya mtu aliyekesha akiyatunga. Baba hakukasirika hata. "Na jina ya Mwene-Ditu, mutoto alitosha wapi?" akauliza tu, yaani nimelitoa wapi. Treni ikaondoka.

Ndugu zake walikaa kikao mara moja tu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyesema. Akasema mambo ni mawili: ama mama ndiye aliyeweka, ama mtoto huyu ameweka kwa akili yake mwenyewe, na mtoto anayejua dawa kwa akili yake mwenyewe tunajua anaitwa nani. Hakulitamka neno. Watu wakanitazama. Mama hakungoja hata wamalize kunitazama.

"Njo minyi," akasema. "Minyi nilituma yeye."

Kwa hiyo walimrudisha kwao ziwani, na mimi, kwa kuwa mtoto ni wa baba, nikabaki kwa shangazi. Baba sikumwona tena zaidi ya mara mbili. Alizaa watoto huko Mwene-Ditu. Shangazi hakuwa mtu mbaya, alinilisha na kunisomesha. Ila alinifundisha sheria moja na kunirudisha kwayo kila wiki: chochote kitakachotoka mkononi mwa yule, usiweke mdomoni. Alidhani ananiokoa. Na mimi, mtu pekee mle nyumbani aliyejua hakukuwa na kitu cha kuokolewa nacho, nilinyamaza. Neno lililokuwa linaningoja kama nikifungua mdomo, mchawi, nililisikia kwenye kikao hata bila kutamkwa, na niliogopa. Ningeweza kusema nilikuwa mdogo. Nilikuwa mdogo mwaka ule. Mwaka uliofuata nilikuwa mkubwa kidogo, na uliofuata mkubwa zaidi, na bado nilinyamaza.

Mama alikuja sokoni Kamina mara moja, pamoja na wanawake waliokuja kuuza samaki wakavu. Alikuwa amekonda. Alinitafuta mpaka akanipata, nikiwa nimesimama na shangazi karibu na wauza mihogo. Alimsalimu shangazi kwa kupiga magoti. Halafu akafungua kitambaa alichokishika, na ndani kulikuwa na yai la kuchemsha na ndizi. Siku ile nilifikiri hana kingine cha kuleta. Nimekuja kuelewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe kwamba alichagua. Alitafuta vitu ambavyo Mungu amevifunga mwenyewe, ambavyo hakuna mkono wa mtu unaoweza kufika ndani.

"Monika, kamata," akasema.

Shangazi aligeuka upande wangu. Alinitazama tu.

Mama akaimenya ndizi mbele yetu, polepole, akaikata katikati. Nusu akaiweka mdomoni mwake, akatafuna, akameza, kisha akafungua mdomo ili shangazi aone. Sijui kama alikuwa anamwonyesha shangazi au alikuwa ananionyesha mimi. Nusu nyingine akaishika mbele yangu.

Nilikuwa na njaa. Niliweka mikono yangu nyuma, nikasema, "Hapana, mama. Banakataza."

Alisema ni vizuri, mtoto anatakiwa kusikia. Akaikunja ile nusu ndani ya kitambaa pamoja na yai, akamuaga shangazi, akarudi kwa wenzake wa samaki. Hakufika tena Kamina.